Mume Wangu Hana Saa

Mhariri wangu yuko Dar, mimi niko Lupaso, na umbali huo ndio uliomponya. Aliponirudishia hadithi yangu alipiga simu akasema kila mtu humo ndani ama "alihuzunika sana" ama "alifurahi mno", na yeye haamini hata mmoja. Nisimwambie kwamba mtu ana huzuni, akasema, nimwonyeshe mwili wake ukihuzunika. Nilinuna kutwa, nikaunguza na maharage. Halafu nikakaa nikaandika.

Niliandika kwa hasira, ndiyo maana nikazidisha. Shujaa wangu, mwanamume aliyekimbiwa na mkewe, akawa hatulii hata sentensi moja. Mara anajikuna shingo, mara anameza mate, mara anapepesa macho yenye majimaji, mara anajishika kifua. Sura ya mwisho, anapotaka kumwambia mkewe kwamba amemkumbuka na maneno hayatoki, nikamfanya aizungushe saa yake mkononi. Hiyo saa niliipenda mwenyewe.

Nikampa mume wangu asome. Sasa mume wangu ni mkulima wa korosho, mtu mwema, lakini maneno yake yote ni "hmm". Ukipika vizuri, hmm. Paa likivuja, hmm. Makaratasi yangu yakakaa juu ya kabati, na pampu ya kupulizia mikorosho ikatua juu yake. Nikimuuliza kama ameyasoma, hmm. Kimya kingi kina mshindo, wanasema, lakini mshindo wenyewe niliungoja hadi nikachoka. Nikafunga begi nikapanda gari hadi Makote kwa mama, nikamwambia sirudi Lupaso mpaka yule bwana aseme neno juu ya nilichoandika. Mama alinitazama juu hadi chini. Mwanamume halewi, hapigi, akasema, nami namkimbia kwa sababu ya makaratasi. Iliniuma, maana nilikuwa nimeshaanza kumkumbuka.

Hazikupita siku nyingi akaja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo yeye alikaa kwenye benchi barazani akiangalia uani, mama akakaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na mama mdogo akawekwa katikati kupitisha maneno. Mimi nilikuwa mkekani, nimenuna ipasavyo. Alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hilo halikuniambia kitu. Ukweni kila mwanamume huinamisha kichwa.

Shikamoo zikaisha, tukangoja aseme kilichomleta. Badala yake akajikuna shingo. Akajikuna tena, akameza mate, kisha akaanza kupepesa macho mpaka yakaingia majimaji. Mama alikuwa anachungulia, najua, kwa sababu sauti yake ilitoka haraka.

"Muulize mkwe kama alijifunga kitambaa puani alipopuliza salfa."

Ulikuwa msimu wenyewe. Salfa, ule unga wa njano wa mikorosho, ukimwingia mtu humwasha shingo na kumtoa machozi, na huku kwetu hilo hata mtoto analijua. Mume wangu akajibu kwamba leo hajapuliza. Halafu akajishika kifua.

"Imeshamfika kifuani," mama akasema, safari hii bila kumpitia mama mdogo.

Basi ugomvi wangu ukasahauliwa palepale. Mama mdogo akaleta ndoo ya maji na sabuni, bwana akaambiwa akajimwagie nyuma ya nyumba, shati lake likalowekwa. Maziwa yakafuatwa dukani, kwa kuwa wanasema hukata sumu. Akarudi amejitanda khanga yangu ya maua mabegani, maji yakimchuruzika masikioni, akakaa benchini na kikombe cha maziwa. Nikang'ata ncha ya mtandio. Mtu aliyenuna akicheka, kesi kashindwa.

Ndipo akaweka kikombe chini, akajishika kifundo cha mkono wa kushoto, akaanza kukizungushia vidole taratibu, huku na huku.

"Na mkono nao," mama mdogo akanong'ona.

Mume wangu hana saa. Hajawahi kuwa nayo. Nikautazama ule mkono mtupu, nikafurahi hadi nikaona aibu. Shingo, mate, macho, kifua: vyote vilikuwa vyangu, kwa mpangilio wangu mwenyewe. Na saa iko sura ya mwisho.

"Umeisoma," nikamwambia.

"Hmm."

"Mpaka mwisho?"

Akakohoa. Kisha akasema kwa sauti, mama mkwe wake akisikia, jambo ambalo wanaume wa kwetu hufa nalo: "Mpaka mwisho. Ni nzuri. Ila jamaa yako anateseka bure, angesema tu. Mimi nimekukumbuka. Turudi nyumbani."

 Nyuma ya pazia mama akampa mama mdogo ujumbe wake, kwa heshima zote: mkwe aambiwe amesikika, ila amalize maziwa kwanza.

Nikaenda kufunga begi. Tulipofika Lupaso nilimfutia shujaa wangu kujikuna kote, na saa nikamvua, akabaki anazungusha mkono mtupu. Mhariri akapiga simu kuuliza saa imekwenda wapi, maana ile ilikuwa nzuri.

Nikamjibu, hmm.