Supu Nyeusi ya Mama wa Juu

Wakorea siwajui. Sijawahi kupanga nyumba moja na Mkorea, kufanya kazi na Mkorea, wala kugombana na Mkorea, na mimi nimegombana na mataifa mengi. Lakini nusura wanipotezee kazi, nao wamekaa kwao, hawana hata habari kwamba niko duniani.

Mara ya kwanza kuwaona ilikuwa Louisville, Marekani, tulipofika tu kutoka kambini. Nilipata kazi mahali pa kufua mashuka ya hoteli. Mwenzangu wa kukunja alikuwa mwanamke wa Burma, mkimbizi kama mimi, uso umefungwa kama duka la Jumapili. Saa ya kula aliegemeza simu kwenye chupa ya sabuni, akatazama kijana mwenye mashavu ya mtoto mchanga akimfunga msichana kamba za viatu, na machozi yakamdondokea kwenye wali. Nikamwuliza kama ile ni nchi yake. Akasema hapana, ni Korea. Nikamwuliza kama anajua Kikorea. Hapana, maneno yameandikwa Kiburma chini.

"Sasa unalia nini?"

Akanitazama kama vile mimi nilizaliwa bila moyo. "Huoni? Amemfunga viatu."

Bon. Tukahamia Columbus, mume wangu alisikia kuna ghala zuri. Huko nikakuta Wanepali waliotoka Bhutan. Vijana wao walikuwa na nywele za Kikorea zilizofunika macho, na hivyo hivyo wakaendesha forklifti za kuinulia mizigo, nikajifunza kutembea kando ya ukuta. Dada zao walijipaka krimu za Kikorea mpaka uso ukang'aa kama sahani. Mama zao, wenye alama nyekundu kwenye paji la uso, walijua majina ya waigizaji kuliko ya wakubwa wetu wa kazi. Wakanionjesha tambi nyekundu za Korea. Zilichonifanyia sitaandika, ni mambo ya chooni.

Niliwacheka sana. Nilimwambia mume wangu, sisi Wakongo, Wabelgiji walitujia na bunduki, hawa wametekwa na mashavu.

"Na weye, kule kambini ulikuwa unalilia nani?" akasema.

Kambini tulijazana kwenye kibanda cha video kutazama tamthilia za Wafilipino, na ndiyo, nililia mpaka nikapandwa na homa. Na nusu ya Afrika inakata kiuno kwa muziki wetu bila kujua neno moja la Kilingala. Donc, jambo lenyewe nililijua. Sikupenda tu kuambiwa.

Buffalo ndiko Wakorea walikonipata. Tulipanga nyumba ya mbao, sisi chini, na juu mjane wa Burma na binti yake anayesoma sekondari. Nilimwita Mama wa Juu. Yeye alifanya usafi maofisini jioni, mimi nilifunga biskuti kiwandani zamu ya asubuhi, na nilikuwa na mimba ya kwanza. Tukapatana kwa Kiingereza chetu cha vipande vipande: nikijifungua, wiki ya sita ninarudi kazini, asubuhi mtoto anakaa kwake. Msimamizi wangu alikuwa amesema wazi kwamba wiki ya saba nafasi yangu ina mtu mwingine. Mamas wa kanisani wote wana kazi. Mama yangu alibaki kambini. Nilikuwa na Mama wa Juu, basi.

Nikazaa msichana. Siku ya nne theluji imeziba mlango, mume yuko kazini, Mama wa Juu akashuka na sufuria. Akaiweka mezani, akainamisha kichwa, akapanda tena. Nikafunua. Maji meusi, na ndani majani marefu yanateleza kama kitu kilichonasa kwenye bomba.

Sasa, mimi ni mtu wa Bukavu. Kwetu anayekuletea chakula anaonja kwanza mbele yako, anameza, ndipo na wewe unakula. Ni juu ya karuho, ile sumu ambayo jirani anaweza kukutilia huku anacheka na wewe. Hata dada yako wa damu anaonja. Mama wa Juu hakuonja. Alinitazama, akatazama mtoto, akaondoka haraka. Sikufikiri mara mbili. Nilimwaga yote kwenye sinki.

Ningekuwa na akili ningesafisha. Binti yake alipokuja kuchukua sufuria, majani yalikuwa bado yananing'inia pale kama nywele. Akayatazama, akanitazama, akachukua sufuria. Kesho yake akarudi na ujumbe: mama anasema mgongo unamuuma, hataweza kushika mtoto.

"Mgongo gani?" nikamwambia. "Jana alikuwa anazoa theluji na koleo kama mwanajeshi."

Msichana hakucheka. Akanieleza kwamba ile ni supu ya mwani. Mwanamke wa Korea akijifungua anapewa hiyo, irudishe damu na ilete maziwa.

"Kwa hiyo kwenu Burma mnafanya hivyo."

"Hapana. Mama ameona kwenye tamthilia. Hata yeye hajawahi kuinywa. Alitembea kwenye theluji hadi duka la Waasia, akajifunza kuipika siku mbili. Alisema wewe huna mama hapa."

Hasira iliyonishika siwezi kuipima. Nilijikasirikia, nikawakasirikia Wakorea, nikamkasirikia na yule mama. Mtu unampikia mzazi mpya chakula cha televisheni, na huonji? Lakini siku zilikuwa zinakwenda. Kila asubuhi nilisikia hatua zake juu ya kichwa changu, na sikuwa na mtu mwingine.

Nikafanya kama tunavyofanya. Kosa la namna hiyo huendi kuliomba msamaha peke yako, unatuma wakubwa. Jumapili baada ya ibada mamas watatu wakaja, nguo zao za kanisani zimesimama mabegani, vilemba kama paa la nyumba. Kiongozi wao, mama mzito asiyejua Kiingereza, alibeba bahasha. Ndani kulikuwa na barua ya msamaha ya Kiingereza, aliyoandika binti wa huyo mama mzito. Tukapanda, mimi nyuma na mtoto.

Mama wa Juu akatufungulia, akageuka rangi. Tukaketi bila neno, maana kwetu mkubwa ndiye anaanza, na mkubwa alikuwa anatafuta pumzi baada ya ngazi. Akakohoa. Kisha akaiweka bahasha mezani na kuisukuma kwa vidole viwili, polepole, mpaka mbele ya mwenyeji wetu.

Mama wa Juu akaitazama bahasha. Akanitazama. Akachukua glasi ya maji iliyokuwa mezani, akanimwagia yote usoni.

Mtoto akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimefungua kinywa, maji yameingia hadi kooni. Binti yake akatoka mbio chumbani, akasema na mama yake kwa lugha yao. Lakini mama mkubwa hakushtuka hata kidogo. Alikuwa ananiangalia kwa makini, kama mtu anayejifunza ibada mpya.

"Donc, ndiyo namna yao ya kusamehe," akasema. Akavua kilemba, akakiweka magotini, akafumba macho na kusogeza uso mbele. "Mwambie na miye animwagie. Tumekuja wote."

Mama mwingine akaanza kuvua miwani.

Msichana akanieleza kwa Kiingereza huku ameshika tumbo kwa kicheko. Kwenye tamthilia za Wakorea, akasema, wanawake wenye mavazi makubwa wakija nyumbani kwa maskini na kusukuma bahasha mezani, wanakuja kumfukuza. Mama yake alifikiri tumekuja kuwatoa kwenye nyumba, na safari hii hakutaka kuwa yule msichana wa tamthilia anayemwagiwa maji, akalia tu na kuondoka.

"Mwambie hakuna anayefukuzwa," nikasema. "Na mwambie kama si mtoto ningemrudishia."

"Hilo la pili silisemi," akajibu. Akafungua bahasha, akasoma barua, akimtafsiria mama yake sentensi kwa sentensi.

Mama wa Juu alisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa. Mama mkubwa alikuwa bado amefumba macho, uso mbele, anangoja zamu yake. Mama wa Juu alipomwona akacheka mpaka akashika meza. Kisha akainuka, akanichukua mtoto mikononi, maana nilikuwa ninamlowesha, akamfuta kichwa kwa ncha ya sketi yake.

"Kazi saa ngapi?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Saa kumi na mbili."

"Leta saa kumi na moja na nusu," akasema. "Chelewa, sipokei."

Akaingia naye chumbani, akafunga mlango. Tukabaki sebuleni wageni wanne, mmoja amelowa, hatujui kama tumeruhusiwa kuondoka.