Pumzi ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipuliza mara tatu, na zote tatu zilifanana. Semina ilitufundisha kwamba mgonjwa apulize angalau mara tatu, na majibu yakikaribiana unaweza kuyaamini. Niliyaamini. Sikujiuliza kama yanaweza kufanana kwa sababu mtu amekuwa na heshima ileile mara zote tatu.

Nilikuwa tabibu katika kituo cha afya huku Mbulu, na hiyo semina ya siku tano ilikuwa imenivimbisha kichwa. Mashine ya kupima pumzi ilikuwa na bwana mmoja tu kituo kizima, naye ni mimi. Niliwapigia wagonjwa kelele bila haya. "Puliza, puliza, usiache! Mzee, unapuliza au unabusu?" Waliokuwa kwenye foleni walicheka, nami nikajiona fundi kwelikweli.

Mama alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Masieda. Alikuwa na kikohozi cha mwaka mzima, amekonda, na akipanda kilima na ndoo ya maji alikuwa anasimama mara nne kabla ya kufika mlangoni. Yeye aliniita daktari, na kanisani alinitaja hivyo hivyo. Mimi si daktari, na sikumsahihisha hata siku moja.

Nyumbani kwa mke wangu mambo ya ukwe yana sheria zake. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Hacheki kwa sauti, hafungui kinywa wazi, na akitaka kukohoa anageukia ukuta. Si kwamba sikuyajua. Nilikuwa mkwe wao kwa miaka tisa na sijawahi kumwona yule mama akitafuna. Halafu siku hiyo nikamkalisha kitini, magoti yetu yakikaribia kugusana, nikambana pua kwa kibanio, nikamwambia aweke mrija mdomoni, ajaze kifua, atoe pumzi yote kwa nguvu. Jamani, mbele ya mkwe! Alitazama sakafu, akapuliza kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Mashine ikaandika kwenye kioo chake kwamba pumzi imekatika mapema mno. Nikabonyeza kitufe, maandishi yakaondoka.

Kusoma majibu yale si kazi ngumu, ukiwa na subira. Unaangalia hewa iliyotoka sekunde ya kwanza, unailinganisha na hewa yote aliyotoa. Mtu ambaye njia zake za hewa zimebana, iwe kwa pumu au kwa moshi wa miaka, sekunde ya kwanza hutoa kidogo, kisha hewa inaendelea kuvuja polepole. Akiacha kabla haijaisha, ile ya mwisho haihesabiwi, na ulinganisho unaonekana mzuri. Wa mama ulionekana mzuri. Hewa yote ilikuwa kidogo, ulinganisho mzuri, basi nikasema mapafu yamesinyaa. Makohozi hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua ilikuwa na ukungu tu ambao ungeweza kuwa wa lolote, lakini kichwa changu kilishaamua. Niliandika kifua kikuu na kumwanzishia dawa.

Swali moja sikumuuliza, kwamba amepikia kuni ndani ya nyumba kwa miaka mingapi. Mimi huyu huyu, niliyekula ugali wa jiko lile na kutoka nje machozi yakinichuruzika.

Amri nilizitoa mwenyewe. Nilitaka kikombe chake kiwekwe peke yake, sahani yake peke yake, na wajukuu wasilale naye tena. Binti yangu alikuwa na miaka minne, na tulipokwenda kumsalimia bibi yake akataka kumkimbilia kama kawaida. Nikamshika mkono. Mtoto akalia. Mama alirudi nyuma mwenyewe, akaenda kukaa kwenye kigoda kule mlangoni. Kwenye sala za jumuiya walimwachia benchi zima, akawa anakaa peke yake kama mgeni.

Mwezi wa tatu wa dawa alikuwa hafiki tena kisimani. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote, kwa sababu alipokuja kituoni nilimuuliza, "Mama, hizo dawa unameza kweli?"

"Nameza, daktari," alisema, akafungua kitambaa na kunionyesha maganda matupu ya vidonge. Alikuwa ameyatunza yote.

Aliyeniokoa, kama huko ni kuokoka, ni nesi mmoja mtu mzima wa pale kituoni ambaye ulimi wake haukumwogopa mtu. Alitukuta chumbani, akaangalia karatasi ya vipimo, akaniuliza, "Huyu ni nani kwako?"

"Mama mkwe."

"Na ulimpima wewe? Umemkodolea macho hivyo hivyo?" Akatikisa kichwa. "Haya, toka nje."

Nikatoka. Nikasimama nyuma ya mlango na sweta langu na kitambulisho changu shingoni. Nikasikia wanaongea Kiiraqw, wakacheka kidogo, kisha mama akavuta hewa na kuanza kupuliza. Ilitoka kwa nguvu, ikapungua, ikaendelea kwa mluzi mwembamba, ikaendelea tu. Nilihesabu mpaka kumi na moja. Miaka tisa na sikuwahi kumsikia akipumua.

Nesi alifungua mlango na kunipa karatasi. Ulinganisho ulikuwa chini ya nusu, na mchoro umebonyea katikati. Hata baada ya dawa ya kuvuta haukupanda sana. Ulikuwa ni moshi, na si wa jana wala juzi. Kifua kikuu hakikuwepo. Daktari wa wilaya alikubali, dawa za TB zikasimamishwa, mama akapewa ya kuvuta. Haikumrudishia mapafu yake, maana hayo hayarudi, lakini alianza tena kufika kisimani.

Nilikwenda Masieda kumwambia. Nilimkuta anapepeta maharage nje. "Shikamoo mama. Mama, nilikosea. Wewe hukuwa na TB hata siku moja."

Aliokota mawe mawili matatu kwenye ungo. "Nilijua sikupuliza vizuri," alisema. "Nilidhani na wewe unajua kwa nini." Halafu akauliza, "Nani mwingine ana habari hii?"

"Nesi na daktari, basi."

"Basi," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilikusudia kuwaeleza watu. Mke wangu, nilipomweleza, alisema nianze na jumuiya, kwa sababu huko ndiko walikomkimbia. Jumapili iliyofuata tukaenda, nikakaa nyuma, nikitafuta pa kuanzia. Kabla sijasimama akasimama mama. Alisema anamshukuru Mungu, ule ugonjwa umeisha, sasa hamwambukizi mtu. Alisema Mungu amempa mkwe daktari, mkwe huyo alijua kifua chake kabla yeye hajakijua, na bila yeye angekuwa kaburini. Watu wakapiga makofi, wakageuka kunitazama. Mama peke yake hakunitazama. "Tuseme amina," akasema.

Nami nikasema amina.