Maporomoko Yapo

Mama yangu alikuwa anapofuka kwa presha ya macho, na alitaka kitu kimoja tu kabla giza halijamaliza kazi yake: kuyaona tena maporomoko ya maji alikopelekwa na baba yake akiwa msichana, ndani ya msitu wa mlimani, mbele ya kijiji cha Matambarale. Mimi sikuwahi kufika huko. Nikaanza kupanga safari kutoka Nachingwea.

Mzee mmoja wa kule, anayezijua njia za msitu, alikubali kutuongoza. Akanionya kwa simu kwamba kiangazi maji huchuruzika tu, tusubiri mvua. Tukasubiri. Nikatafuta mabuti ya mpira, nikapatana na watu wa bodaboda, nikamchongea Mama mkongojo. Jioni nilikuwa namwonyesha vidole. "Vingapi?" Akawa anazidi kukosea, huku akicheka. Mimi sikucheka. Nililichukia anga lile jeupe kama mtu aliyenikosea.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa fujo. Nikapiga simu.

"Shikamoo, mzee. Vipi, maporomoko?"

"Marahaba. Maporomoko yapo, mwanangu! Makubwa, hatujapata kuona. Watu wanakuja kuyatazama."

Nilipiga vigelegele palepale jikoni, na Mama akavipokea.

Tulipanda polepole, mzee mbele na panga lake, Mama kanishika bega. Karibu na kilele Mama akachoka, nikamkalisha kwenye gogo, nikamfuata mzee hadi kwenye kona. Akasimama, akanyoosha panga. Ubavu wa mlima ulikuwa umekatika. Udongo mwekundu, mawe na miti iliyong'oka vilikuwa vimelijaza bonde lote.

"Haya hapa maporomoko," akasema.

"Na maji yako wapi?"

"Kule majini? Kumefukiwa kote. Si uliniuliza maporomoko? Nikajua nanyi mnakuja kuyatazama, kama wengine."

Kumbe kwao pale maji yanapoanguka huitwa majini tu. Wakisema maporomoko, ni ya udongo. Nilitaka kumfokea, lakini ningemfokea kwa lipi? Alinijibu nilichouliza. Nililia kimyakimya, nikafuta uso kwa kanga, nikarudi kwa Mama.

Alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio.

"Tumefika?"

"Tumefika, Mama."

Akasikiliza tena, kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "na masikio nayo yanakufa? Mbona siyasikii?"