Siku Niliyoomba Nianguke

Kipimo cha kwanza cha umeme wa ubongo kilitoka safi, na usafi huo ndio ulioniponza. Ukweni kwangu, hapa Bariadi, wakasema kama mashine haikuona kitu, basi kifafa changu si cha hospitali. Mama mkwe akaendelea kumbeba mwanangu wa miezi mitano, nisije nikaanguka naye. Mimi nilikabidhiwa wakati wa kunyonyesha tu, nimeketi chini, kisha nanyang'anywa. Niliona wivu. Nikawaambia kipimo safi si kichwa safi, narudi Mwanza kupimwa tena.

Mama mkwe alikuja nami, maana mtoto alikuwa mgongoni kwake. Nilifumua nywele, nikaziosha, sikupaka hata tone la mafuta. Hospitalini, mtaalamu wa kipimo akanibandika waya kichwa kizima kwa gundi ya baridi.

"Akianza, huanzia wapi mwilini?" akamuuliza mama mkwe.

"Nikudanganye, mwanangu? Hatujui. Huwa tunakimbia."

Nilicheka hadi nikakemewa, mistari ilikuwa inavurugika kwenye skrini. Lakini iliniuma. Miaka saba naanguka, na hakuna aliyewahi kuona mwanzo, kwa sababu kwetu husemwa ukimgusa anayetoka povu, nawe utaupata ugonjwa.

Mtaalamu akaniagiza nipumue kwa nguvu na kwa haraka. Siku zote nimeomba nisianguke. Siku hiyo niliomba nianguke, mchana kweupe, mbele ya mkwe. Mungu hakuchelewa.

Nilipozinduka, mama mkwe alikuwa bado yumo chumbani.

"Ni kidole gumba," akasema. "Cha kushoto. Kinaanza kuruka chenyewe, halafu mkono wote, ndipo unapopoteza fahamu."

Mtaalamu akatuonyesha mistari. Ilikuwa imechafuka kwanza upande wa kulia wa kichwa, ule unaoongoza mkono wa kushoto, kisha ikasambaa kote. Daktari alipoisoma alinibadilishia dawa. Akatuonya kwamba itachukua muda, na huenda nikaanguka tena.

Tulipofika nyumbani sikungoja hata kuketi vizuri.

"Mayu, mama yangu, nipe mtoto. Ukiona kidole kinaruka, mchukue yeye kwanza. Mimi niache nianguke."

Akanitazama mkono, kisha uso.

"Nitawakamata wote wawili," akasema, akafungua mbeleko.