Kiraka cha Moyo na Mayai Matatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Romano Wanyama anazamisha tyubu ya pikipiki katika beseni la maji, kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba, pale Bugembe. Anaizungusha polepole na kungoja. Kipovu kinachomoza, kidogo kama punje ya mtama. Hapo ndipo penye tundu. Anapasugua kwa msasa, anapaka gundi ya solusheni, anabandika kiraka. Kisha, kama alivyozoea kwa miaka tisa, anashika pampu ya mkono.

Anasukuma mara moja tu.

"Afande! Hiyo pampu nani amekupa ruhusa?"

Ni mkewe, Topista, ametoka kwenye kibanda chake cha chapati hatua kumi kutoka hapo, na sahani ya mayai matatu ya kuchemsha mkononi. Mwenye pikipiki, anayesubiri kando, anaichukua pampu bila kuambiwa. Romano anatazama pembeni.

Ana miaka sitini na moja. Kabla ya ufundi wa pancha alikuwa askari wa magereza kwa miaka ishirini na miwili.

"Yeye Mgisu, mimi Msoga, kila mtu na lugha yake. Kiswahili ndicho kilichotuoza," anasema Topista akicheka. "Lakini chake ni cha gwaride. Kaa! Simama! Leta chai!"

Mwaka jana Romano alikwenda kwao Wanale, karibu na Mbale. Akipanda kilima, kifua kilimbana kama kimeshikwa na koleo, akaanguka. Alilazwa siku tisa mjini Mbale, na hadi leo hurudi huko kliniki kila baada ya miezi miwili.

Muuguzi wake, Sista Orpah, alimweleza kwamba sehemu ya nyama ya moyo ilikosa damu ikafa, na mwili ukapaziba kwa kovu.

"Nikamwambia, sista, hicho ni kiraka," anasema Romano. "Kiraka kinazuia upepo, lakini hakivutiki kama mpira wenyewe. Hiyo kazi mimi naijua."

Zamani alimaliza tyubu ishirini kwa siku. Sasa akifika nane anashukuru.

Kisha redio ikaleta habari. Topista alikuwa akikanda unga aliposikia kwamba wanasayansi wanajaribu protini za kutengeneza moyo ulioshtuka. Protini! Si ndiyo ile watoto walifundishwa shuleni, ya mayai na maharage? Kesho yake sahani ikaanza. Kila asubuhi mayai matatu, kutoka katika yale ya kuuza.

"Afande, moyo wako una kiraka kimoja, tairi zangu zina saba," anatania Maxwell, dereva wa lori kutoka Kenya, akitafuna chapati. "Nani atafika mpakani Malaba kwanza?"

"Wewe utafika kwanza, na mimi ndiye nitaitwa kuziba," Romano anamjibu.

Wanacheka wote. Lakini kuna jambo ambalo Romano amelibeba miezi miwili bila kulitua. Alipokwenda kliniki mara ya mwisho, alimuuliza Sista Orpah kuhusu mayai. Sista alitabasamu, kisha akavuta kiti akaketi.

"Mzee, siyo protini ya sufuriani. Hizo zinatengenezwa maabara. Wanatafuta namna ya kuzifikisha moyoni, ili mishipa midogo au nyama changa iote penye kovu. Nyingi bado zinajaribiwa kwa wanyama. Kwetu hazijafika. Wewe meza vidonge, tembea kidogo kidogo."

Tangu siku hiyo Romano huota ndoto moja. Anazamisha tyubu, maji yanatulia, hakuna kipovu. Anatafuta kiraka kwa vidole, hakipo. Mpira umejiotea wenyewe, laini, kama chipukizi la mgomba uliokatwa. Kisha yuko Wanale, anapanda, na maji yanaporomoka toka juu ya mwamba kama kitambaa cheupe.

"Naamka mkono uko hapa," anasema, akigusa kifua.

Desemba anataka kurudi kule. Si kufika juu. Afike tu pale alipoangukia, apumzike, ashuke kwa miguu yake.

Asubuhi hii anakula yai moja. Mawili anayaacha.

"Maliza," anasema Topista.

"Topista." Kwa kawaida humwita Mama Brendah. "Haya mayai hayatengenezi moyo. Sista aliniambia. Dawa yenyewe bado inatafutwa. Wewe ulikuwa unafurahi, nikashindwa kusema."

Topista anaitazama sahani. Chapati inaanza kuungua kibandani, lakini haendi.

"Sasa mimi nitakupa nini?"

"Kaa!" anasema Romano.

Neno linatoka kama la gwaride, kali, na yeye mwenyewe analisikia. Anafuta mikono yenye solusheni kwenye suruali, anamsogezea tairi kuukuu akalie.

"Nilitaka kusema, kaa karibu na mimi. Nikiwa peke yangu naogopa."