Goti Lililoonewa Huruma

Kwa miaka thelathini na moja fundi huyu alitandaza vigae vya watu, siku nzima amepiga magoti. Benki, hoteli, vyoo vya matajiri, kote alikuwa amepita na magoti yake, kigae baada ya kigae. Alipofikisha miaka hamsini na nane, goti la kulia likagoma. Ngazi alizishuka kinyumenyume, kama mtoto anayeteremka kitandani.

Mke wake akamburuta hadi hospitali. Daktari akatazama picha ya mfupa kwa muda.

"Kuna sindano, itakupa nafuu ya miezi michache. Kuna kubadilisha upande mmoja wa goti, lakini lako limelika kotekote. Linalobaki ni kubadilisha goti zima, tuweke la chuma na plastiki."

"Nikibadilisha, nitarudi kazini?"

"Utatembea, mzee wangu. Kushinda umepiga magoti kwenye saruji, sahau."

Fundi akalipapasa goti. "Badilisha. Maumivu haya hata mbwa simwombei."

Upasuaji ukaenda salama. Kesho yake akaja mama wa mazoezi ya viungo, akalikunja lile goti mpaka fundi akamtukana. Yeye wala hakujali. Akamgeukia mke.

"Nyumbani kazi ni yako, dada. Samaki mkunje angali mbichi. Kunja, nyoosha, mara nne kwa siku. Na usimwekee mto chini ya goti, hata akikulilia. Likikaukia limepinda, ndiyo basi."

Akamlilia kweli. Siku ya tatu nyumbani alimshika mkono. "Mke wangu, unaniua. Leo tu, niwekee mto."

Mwanamke huyu alikuwa amekaa na ukali wa mumewe maisha yote ya ndoa. Kuamrishwa alikuzoea, kubembelezwa hakukujua. Akauleta mto. Kesho yake ikawa leo tu tena. Wiki ya pili mazoezi yalikuwa mara moja kwa siku, ya nne yakawa hadithi.

Wiki ya sita daktari akajaribu kulinyoosha goti. Wapi!

"Tunaweza kukulaza usingizi, tulilegeze kwa nguvu."

"Hamnigusi tena."

Tangu siku hiyo, kila aliyekuja kumpa pole alisimuliwa. "Daktari alifanya kazi yake safi. Aliyenilemaza ni huyu hapa," na mkongojo unamwelekea mkewe, naye anamimina chai.

Dada wa mke hakuvumilia. Akamfuata jikoni. "Kwa nini usiwaambie aliomba mwenyewe?"

"Mto niliuweka mimi."

"Na yeye alikuwa hana mdomo?"

Mke aliendelea kusuuza vikombe.

Mwenzake wa zamani kazini alimhurumia fundi, akampa kiti kwenye jengo jipya awasimamie vijana. Alisimamia kwa matusi. Nao vijana walipouona ule mguu uliogoma kunyooka, wakampachika jina: Kona.

Jina likafika dukani kabla yake. Mkewe alikuwa akinunua sabuni, mwenye duka akamwuliza bila kujua, "Mama, huyo Kona wa mguu uliopinda ni jirani yako?"

Alicheka. Alicheka hadi akashika kaunta, miezi yote ile ikamtoka kwa pumzi moja, na mwenye duka naye akacheka kwa kumfuata. Kisha akafuta macho, akachukua sabuni yake.

"Ni mume wangu," akasema, akatoka.