Miti Katika Shamba la Shangazi

Shamba la shangazi liko mlimani juu ya Kasenga, hapa Uvira, mahali ambapo ukipanda kwa haraka lazima usimame mara mbili kupumua. Ni dogo, nalo limeinama kama paa la nyumba. Baba yangu alimpa alilime mwaka ule alipofiwa na mume akarudi kwetu na sufuria zake. Baba alipokufa, shangazi aliendelea kulima na hakuna aliyesema neno. Kwa baba yangu mimi ni mtoto wa kiume peke yangu, lakini sikuwahi kushika jembe pale hata siku moja. Nilikuwa nikisoma.

Nilisomea mazingira. Nilipomaliza nilikaa nyumbani miaka miwili nikiandika barua za kuomba kazi, kila barua naisoma mara kumi na kuiandika upya kwa sababu ya mkato mmoja. Mwishowe mradi wa kupanda miti ukanichukua niwe mhamasishaji. Kazi yangu ilikuwa kupita kwa wenye mashamba ya mlimani na kuwaomba waache mihogo, wapande miti, ili udongo usiendelee kushuka na mvua. Kila mtu wa Uvira anajua udongo ule unaishia wapi: unateremka na mito, unaingia katika nyumba za watu wa chini. Na kule ufukweni ziwa nalo linapanda, limekwisha kuingia katika vyumba vya watu. Sisi tuko katikati. Kwa hiyo niliyokuwa nikiyasema hayakuwa uongo. Nayataja mapema kwa sababu nimejitetea nayo mara nyingi mno.

Nilipewa karatasi yenye nafasi za mashamba kumi na mawili. Nilipata kumi na moja. Wiki ya mwisho, kwa hofu ya kurudisha karatasi yenye nafasi tupu, nikaenda kwa shangazi.

Nilimkuta akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa nimevaa kizibao cha mradi chenye mifuko mingi, nikamweleza kama tulivyofundishwa: kwamba viwanda, ndege na magari ya nchi za mbali yametoa moshi mwingi, moshi huo umeharibu mvua, na sasa makampuni ya huko yanalipa ili miti ya huku iunywe ule moshi.

"Ngoja," akasema, mchi ukiwa juu. "Bale njo banapika, na moshi inaingia mu macho yetu sisi?"

"Ni karibu hivyo, shangazi."

"Na bugali yenyewe, banatuachiaka hata kidogo?"

Tulicheka wote wawili. Kisha nikasema miche ni ya bure, lakini mihogo haitaruhusiwa tena mle, maana kuchimba mizizi kunalegeza udongo. Hapo akaweka mchi chini. Akauliza swali moja tu.

"Na weye mwenyewe, unataka miti ikuwe mule?"

"Ndiyo, shangazi. Nataka."

"Basi, baba. Hakuna neno."

Akaweka dole gumba kwenye mkataba. Nilirudi nyumbani nikijisifu moyoni kwa jinsi nilivyoeleza vizuri. Wiki ile ile aling'oa mihogo yake iliyokuwa haijakomaa, akaibeba yote mwenyewe, na mradi ukapanda miche ya grevilea. Nilimpiga picha amesimama kati ya miche. Hakutabasamu, na mimi nikadhani ni haya ya simu.

Miche ilikuwa imefika kiunoni vita viliposhuka bonde la Ruzizi. Barabara ya kwenda Bukavu ikafungwa. Mkubwa wa mradi, mgeni kutoka mbali, aliondoka asubuhi moja bila kuaga, na mlango wa ofisi ukabaki na kufuli na tangazo la kikao ambacho hakikufanyika. Kutoka upande wa bonde tulisikia milipuko, tukazoea kuhesabu ni ya karibu au ya mbali. Wifi ya shangazi, dada wa marehemu mume wake, alitembea kutoka Katogota, kule bondeni, na watoto wanne na godoro moja kichwani. Wote waliingia katika chumba na nusu cha shangazi. Mihogo waliyoilima ilibaki ardhini, wakaila wenye bunduki.

Ndipo mvua za kwanza zikaanza, na shangazi akaja kwetu.

"Baba, mvua inaanza. Minye nilikuwa naomba niweke mihogo katikati ya miti. Sitangoa hata muti moja. Katikati tu. Sombe tutaanza kuchuma mbele, mizizi itatukuta mwaka kesho."

Jibu lilikuwa neno moja, "ndiyo", na nililijua. Darasani tulifundishwa kwamba miaka ya mwanzo miti michanga na mihogo vinaweza kukaa pamoja, mradi uache mistari ya majani kushika udongo. Lakini mkataba ulikataza.

"Acha niulize kwanza, shangazi."

"Uulize nani?"

"Wenye mradi."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa hapana kwa adabu.

Niliandika barua pepe kwa Kifaransa. Ilinichukua siku tatu. Niliogopa kuandika "njaa" wasije wakaona natia chumvi. Niliogopa kutoiandika wasije wakaona si jambo la haraka. Nilipoituma, jibu lilikuja papo hapo, nikalifungua upesi: mashine ilikuwa ikinijulisha kwamba mwenye anwani hayuko kazini. Nikaandika tena, nikaomba radhi kwa kuandika mara ya pili. Nilijiuliza, nikimruhusu na mlima ukashuka juu ya nyumba za watu, dhambi itakuwa ya nani? Na mradi ukirudi ukakuta mihogo, nani atanipa kazi nyingine? Nilisoma mkataba hadi karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Shangazi alikuja mara ya pili, nikamwambia bado hawajajibu. Mara ya tatu hakuja. Alituma salamu tu, kwamba mvua inakwenda vizuri.

Salamu hizo zilinikosesha amani, nikaenda kwake.

Nyuma ya nyumba, kivulini, palikuwa na mzigo wa vijiti vya kupanda muhogo alivyoomba kwa watu. Wifi yake alikuwa akivikwaruza kimoja kimoja kwa ukucha. Kijiti kilicho hai hutoa maziwa. Kilichokauka hakitoi kitu. Rundo la vilivyokauka lilikuwa kubwa kuliko lile jingine.

"Eh, mwenye shamba amefika!" wifi akasema alipofahamishwa mimi ni nani. "Karibu, mwenye shamba. Tunakungojeaka kuliko mvua."

"Mama, mimi si mwenye shamba."

"Aa! Na ile miti ni ya nani?"

Nikaanza. Nikasema moshi, nikasema makampuni, nikasema mkataba. Niliisikia sauti yangu ikiwa ileile ya siku ya kwanza. Shangazi akanikatiza, bila hasira.

"Wacha, baba. Hakuna ubaya. Baba yako alinipa nilime. Alisema: dada, weka mihogo, weka maharagi, lakini muti usipande, mwenye kupanda muti njo mwenye udongo. Ile neno yake niliishika miaka yote. Siku ulileta miti nikajua mutoto amekomaa, anataka shamba ya baba yake. Nilikuuliza kama unataka, ukasema unataka. Ulikuja na heshima, na karatasi. Ningesema nini?"



Desturi ile niliijua. Niliandika sehemu nzima juu yake katika kazi yangu ya mwisho wa masomo: jinsi mti unavyokuwa ushahidi wa umiliki katika vilima vyetu, na jinsi anayelima kwa hisani ya mwingine asivyoruhusiwa kuupanda. Walimu waliokaa kunisikiliza waliisifu sehemu hiyo kuliko nyingine zote. Ila niliiandika kama desturi ya wanakijiji fulani niliowahoji. Sikuwahi kufikiri kwamba shangazi, aliyekuwa akinitumia mihogo ya kuchemsha nikiwa chuoni, alikuwa mmoja wao. Wiki zote zile aliponijia hakuwa akiomba ruhusa ya mradi. Alikuwa akimwomba mtoto wa kaka yake, na mtoto alikuwa akimtajia watu wa mbali.

"Si hivyo, shangazi," nikasema. "Sikuja kuchukua. Lima. Lima leo hii. Shamba ni lako."

"Langu la kulima," akasema, "ao langu?"

Wifi yake akaacha vijiti. "Weye ni mutu wa karatasi, unajua neno bila shahidi ni upepo. Sema vizuri. Udongo na miti. Ngoja." Akamwita jirani aliyekuwa akishona viatu nje ya mlango wake, mzee wa kanisa. Mzee alikuja na kiatu mkononi, akakaa juu ya jiwe, akasema haya, anasikiliza.

Watu watatu walikuwa wakinitazama, na watoto mlangoni. Ni maneno machache tu: udongo ni wa shangazi na miti ni yake. Nilifungua mdomo, na hapo hapo, bila kuitwa, wazo likaja kwamba lile ndilo shamba pekee lililobaki la baba, kwamba nyumba za chini zinakwenda na maji, kwamba siku moja na mimi nitahitaji mahali pa juu. Mimi, niliyekuwa nimetoka kuapa kwamba sikuja kuchukua. Nilisita kwa muda wa kumeza mate.

Kisha nilisema. Niliyasema yote, kwa sauti, na mzee akayarudia neno kwa neno kama inavyotakiwa. Wifi akapiga kigelegele kifupi. Lakini shangazi alikuwa akiutazama mdomo wangu tangu kabla haujasema, na aliona nilivyosita. Alinisaidia: aliinama akajifanya anafunga upya kamba ya vijiti, mpaka nilipomaliza.

Tulipanda kesho yake vile vilivyobaki na maziwa. Havikufika nusu ya shamba, na mvua iliyokuwa nzuri zaidi ilikuwa imekwisha kupita. Msimu ule yeye na wifi yake walilima mashamba ya watu wengine ili wapate chakula cha siku.

Siku hizi shangazi hupanda anachotaka. Ila kila mara, kabla ya kupanda, hutuma mtu kunipa habari: mwambieni naweka maharagi, mwambieni nakata matawi ya kuni. Nimemwambia hahitaji kuniuliza. Anasema haniulizi, ananijulisha tu. Mimi hujibu "ndiyo" upesi sana, kabla mjumbe hajamaliza kusema.